Daftari la Fizikia la Pipeline: Shajara ya Muhula wa Kwanza

Januari, wiki ya pili

Mradi ni huu. Maswali ya fizikia na sayansi ambayo watoto wa ploti yetu na za jirani wanarudi nayo kutoka shule, tunayafanya pamoja Jumamosi alasiri katika chumba cha chini. Swali likieleweka, linaandikwa upya kwenye daftari moja kubwa, kwa Kiswahili, na kwa mifano ya hapa Pipeline, mtaa wetu wa Nairobi. Daftari linakaa dukani kwa mama wa chini. Anayelihitaji analichukua jioni, asubuhi analirudisha.

Mimi ni fundi wa stima. Fizikia ndiyo inayonilisha, na huniuma sana kumwona mtoto mwenye akili zake akiikimbia kwa sababu ameijua kama orodha ya fomula za kukariri tu.

Waliokuja leo ni wa Gredi 9 na Sayansi Jumuishi yao, na wa kidato cha tatu, wale watakaofanya mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 mwaka 2027. Nilikuwa na wazo la kuwatenganisha, lakini baada ya kupitia madaftari yao nimeona hakuna haja. Maswali ni ya ukoo mmoja, na ugonjwa ni mmoja. Wakisoma swali, macho yanarukia namba. Wanatafuta fomula ya kuzitia namba hizo, wanazidisha au wanagawanya, wanapiga mistari miwili chini ya jibu, basi. Ukimuuliza mtoto kama jibu lake ni kubwa au dogo, anadhani unamtega.

Kwa hiyo daftari letu lina sharti. Kila swali liwe na kisa chake kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, mchoro, hesabu pamoja na vipimo vyake, na mwisho kabisa mstari mmoja kwa wino mwekundu: *Inawezekana?* Hapo jibu lazima lilinganishwe na kitu unachokijua kwa macho, kwa mikono au kwa miguu yako. Bila mstari huo swali haliingii daftarini, hata kama jibu ni sahihi.

Januari, wiki ya nne: kasi

Swali la kidato cha tatu: gari linakwenda 80 km/h, badilisha iwe mita kwa sekunde. Kijana mmoja alikuja na 1,333, na wenzake wawili walikuwa nayo vilevile. Walizidisha 80 kwa 1,000, wakagawanya kwa 60. Darasani lingesahihishwa upesi na watu wakaendelea na mengine. Sisi tulikaa nalo.

Nikawauliza sauti husafiri mita ngapi kwa sekunde. Wote wanajua, 340 hivi. Basi matatu yenu, nikasema, inakwenda karibu mara nne ya sauti. Kutoka hapa hadi katikati ya mji ni sekunde kumi tu, na honi yake ingefika baada ya abiria kushuka. Chumba kizima kilicheka, na kijana mwenyewe alishafuta kabla sijataja kwamba saa moja ni sekunde 3,600. Jibu ni 22.2.

Muda uliobaki tulitengeneza chati ya kasi na kuibandika ukutani. Kila namba waliikokotoa wenyewe. Mtu anayetembea kawaida, 1.4. Eliud Kipchoge jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40: mita 5.9 kwa sekunde. David Rudisha kwenye mita 800 za London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91: 7.9. Ferdinand Omanyala hapa Kasarani, Septemba 2021, mita 100 kwa sekunde 9.77: 10.2. Kisha matatu kwenye mwisho wa kasi inayoruhusiwa, 22.2. Treni ya SGR, tukichukua kilomita 472 za Nairobi hadi Mombasa kwa saa tano hivi: 26. Sauti iko juu kabisa peke yake.

Ile ya Kipchoge iliwashangaza, waliona 5.9 ni ndogo. Tukaigeuza: ni mita 100 kwa sekunde 17, halafu urudie hivyo mara 422 bila kupumzika. Wavulana walitoka kwenda kujaribu barabarani. Mita 100 za kwanza wengi waliziweza. Za pili hakuna aliyezitaka.

Februari, wiki ya kwanza: breki

Sina mengi ya kuandika hapa, ila hili moja limeingia kwa wino mzito: kasi ikiwa maradufu, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Tulichukua gari linalopunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka 40 km/h linasimama ndani ya mita 9 hivi. Kutoka 80 linahitaji mita 35, ambazo ni sawa na matatu saba za abiria 14 zikipangwa zikifuatana. Na hiyo ni baada ya mguu kufika kwenye breki. Dereva akichelewa sekunde moja tu kushtuka, ongeza mita 22.

Hawa watoto huvuka barabara ya Outer Ring kila siku. Niliwaambia wasiisahau hesabu hii hata wakisahau nyingine zote.

Februari, wiki ya tatu: mtungi wa maji

Leo tumefanya swali moja tu, na sijutii.

Ni la Gredi 9. Mtu amebeba mzigo wa kilo 20 kichwani akatembea mita 50 kwenye barabara tambarare; amefanya kazi kiasi gani dhidi ya mvutano wa dunia? Jibu la kitabu ni sufuri. Msichana wa ghorofa ya nne alikataa kuliandika.

"Mwalimu, mimi huchota maji kila Jumamosi kabla sijaja hapa. Aliyeandika hili hajawahi kubeba maji."

Mtoto anayekataa jibu kwa sababu shingo yake inamwambia vingine ndiye mwanafunzi ninayemtaka. Kumwambia tu kwamba kani ya kuubeba inaelekea juu na mwendo unaelekea kando, kwa hiyo sufuri, kungekuwa kumnyamazisha. Tukaleta mtungi wa lita 20 uliojaa. Nikamwambia aushike kwa mkono mmoja, asimame, asisogee hata hatua. Dakika moja haikuisha mkono ulianza kutetemeka. Tukauweka mtungi ule ule juu ya stuli. Stuli ikaubeba mpaka mwisho wa kipindi na haikuomba chakula.

Mkono unafanya nini ambacho stuli haifanyi? Walibishana sana, na jibu lilitoka kwa mvulana ambaye kwa kawaida hukaa kimya: mkono hautulii. Ni kweli. Nyuzi za misuli zinajikaza na kulegea tena na tena ili mzigo usidondoke, na kila mkazo unakula nishati iliyotoka kwenye chakula. Nishati hiyo inaishia kuwa joto mwilini, ndiyo maana unatoka jasho. Kwa hiyo uchovu wa msichana huyu ni wa kweli na nishati aliyotumia ni ya kweli. Lakini haikuingia kwenye maji. Baada ya mita 50 za tambarare, mtungi uko juu vilevile kama mwanzo, haukupata kitu. Swali liliuliza kuhusu mtungi, halikuuliza kuhusu yeye.

"Sasa hiyo naandika," akasema.

Halafu tukapanda ngazi, maana huko ndiko mtungi unakopata kitu. Fleti za hapa zinafika ghorofa saba na zaidi, na nyingi hazina lifti. Tulipima kwa futi: kidato kimoja cha ngazi kina sentimita 17, na kutoka ghorofa moja hadi nyingine kuna vidato 18. Hadi ghorofa ya nne ni vidato 72, yaani mita 12 na kidogo. Maji lita 20 yana uzito wa nyutoni 200, tukitumia 10 N/kg kama mitihani inavyotaka. Nyutoni 200 mara mita 12 ni juli 2,400.

Lakini msichana mwenyewe anapanda pia. Ana kilo 45, na kuuinua mwili wake hadi juu ni juli 5,400. Jumla 7,800, zaidi ya theluthi mbili zikienda kwenye mwili wala si kwenye maji! Hapo ndipo mdogo wake alipouliza kama si afadhali kubeba lita 10 mara mbili. Tukahesabu: kila safari ni juli 6,600, mbili ni 13,200. Mwili unapanda mara mbili kwa maji yale yale. Safari moja ina kazi ndogo zaidi, ingawa mgongo nao una haki yake, na mtoto mdogo abebe kilo anazoziweza.

Mstari mwekundu ndio uliotufikisha mbali. Juli 2,400 ni kubwa au ndogo? Tukachukua betri ya simu ya 5,000 mAh, volti 3.85. Ina juli karibu 69,000. Yaani betri inayoingia mfukoni ina nishati ya kupandisha mitungi 28 hadi ghorofa ya nne. Kisha yuniti moja ya tokeni ya stima, ile ambayo kila nyumba hapa inaihesabu kama dawa: ni kilowati moja kwa saa moja, juli 3,600,000. Gawanya kwa 2,400. Mitungi 1,500.

Walikaa kimya wakiitazama namba hiyo. Wawili waliirudia hesabu tangu mwanzo, kila mmoja kwa njia yake, na ikatoka vilevile.

Machi, wiki ya kwanza: maji ya chai

Niliazima themometa ya maabara. Maji yakachemka vizuri kwenye sufuria, themometa ikasimama kati ya digrii 94 na 95, na haikupanda tena. Kitabu kinasema 100, kwa hiyo wote wakaamua themometa imeharibika. Nikawaambia waipime themometa yenyewe kwanza. Tukaiweka kwenye barafu inayoyeyuka na ikasoma sufuri. Haina ugonjwa.

Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na msukumo wa hewa iliyo juu yake. Uwanja wa ndege wa JKIA, jirani yetu, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo kuliko iliyo juu ya mtu wa Mombasa: kwa paskali, kipimo cha msukumo, kama 83,000 kwetu, na zaidi kidogo ya 101,000 kwao. Maji yetu hayangoji kufika 100. Ndiyo maana githeri hapa inakula makaa kuliko pwani, na ndiyo kazi ya sufuria ya presha, kuurudisha msukumo uliopungua na kuupita. Kijana mmoja aliyekuwa Mombasa Desemba alikumbuka chupa ya maji aliyoinywea Nairobi akaifunga. Alipofika pwani ilikuwa imebonyea. Hiyo imeandikwa daftarini kwa jina la "ushahidi wa chupa".

Kisha hesabu ya joto. Lita moja kutoka digrii 20 hadi 94: 4,200 mara 74, juli 310,800. Birika la stima la wati 2,000 lingehitaji sekunde 155. Letu lilichukua karibu dakika tatu, na walizitaja wenyewe sababu: birika lenyewe linapashwa, hewa ya pembeni inapashwa, mvuke unatoroka. Mstari mwekundu, sasa wanauandika bila kuambiwa: lita moja ya maji ya chai ni sawa na mitungi 129 kupandishwa ghorofa ya nne. Joto ni ghali mno. Anayetaka kupunguza tokeni nyumbani aanze na vitu vinavyopasha moto, balbu aziache kwanza.

Machi, wiki ya pili: ekstensheni

Hili ni eneo langu, na niliingia nalo kwa ukali kidogo.

Swali la kitabu: birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vimechomekwa kwenye ekstensheni moja yenye fyuzi ya ampea 13, stima ni volti 240. Je, fyuzi itakatika? Birika ampea 8.3, pasi ampea 5, jumla 13.3. Wote wakaandika itakatika. Mtihani utawapa alama, na mtihanini waandike hivyo.

Ila mimi huziona nyumba zenyewe. Fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo kwenye 13.3. Hubeba kupita kiwango chake kwa muda mrefu, na katika muda huo kinachoumia ni waya. Joto linalotoka kwenye waya linafuata mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto mara nne. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa, na ekstensheni za bei ya chini waya wake ni mwembamba kweli. Niliwaletea moja niliyoitoa kwenye nyumba ya mteja. Plagi ilikuwa ya kahawia upande mmoja, plastiki imekunjamana kuzunguka pini, na ukiinusa bado ina harufu. Ndani, mahali pa fyuzi, mtu alikuwa ameviringisha waya wa shaba.

Niliipitisha mkono kwa mkono na kila mtoto akaishika. Fyuzi ndicho kitu pekee ndani ya plagi kilichotengenezwa ili kiharibike badala ya nyumba. Ukiweka waya mahali pake, umeichagua nyumba iharibike. Sikuona haja ya kulizunguka neno hili, nimelisema hivyo hivyo na limeandikwa hivyo hivyo.

Kazi ya nyumbani niliyowapa: kila mmoja asome wati nyuma ya kila kifaa cha kwao na agawanye kwa 240. Aliyerudi na shawa ya stima ya wati 5,000 alipata karibu ampea 21, na yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza wenzake kwa nini shawa haichomekwi kwenye soketi ya kawaida bali inavutiwa waya wake.

Machi, wiki ya nne

Mvua, na stima ikapotea kabla hatujaanza. Hatukuandika chochote, lakini tulihesabu radi. Mwanga unafika mara moja, sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Umeme ukimulika, wanaanza kuhesabu kwa pamoja: sita, kilomita mbili. Tisa, kilomita tatu. Hesabu ilipoishia kwenye tatu, yaani kilomita moja, niliwaambia waliokuwa wamesimama kwenye roshani, karibu na reli za chuma, waingie ndani.

Aprili, wiki ya kwanza: pendulamu

Maandalizi ya karatasi ya tatu ya fizikia, ile ya vitendo. Hatuna maabara, tuna uzi, nati ya bolti na fremu ya mlango. Urefu mita moja kamili kutoka kwenye msumari hadi katikati ya nati. Tulihesabu mibembeo 20, siyo mmoja. Kidole kinachobonyeza saa ya simu kinaweza kukosea sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukipima mbembeo mmoja wa sekunde mbili, hilo ni kosa la asilimia kumi. Ukipima ishirini, kosa lile lile linagawanywa kwa ishirini.

Tulipata sekunde 40.2. Mbembeo mmoja 2.01. Ukizidisha urefu kwa mara nne ya pai mraba na kugawanya kwa mraba wa 2.01, unapata 9.77, yaani nyutoni za mvutano wa dunia kwa kila kilo. Thamani ya kweli kwa mahali palipo karibu na ikweta na juu kama hapa ni 9.78 hivi, ndogo kidogo kuliko 9.81 ya vitabu. Kwa uzi na nati! Nilifurahi kuliko wao.

Wao walichoshindwa kukubali ni kwamba uzito hauna neno. Wakaitoa nati wakafunga kufuli kubwa, urefu ule ule. 40.1. Wakafunga nati tena. 40.2. Wakanyamaza.

Aprili, mwisho wa muhula

Zaidi ya nusu ya daftari imejaa. Kitu kilichobadilika ni kwamba sasa wanatunga maswali. Wiki hii msichana wa mtungi alileta lake, akiwa ameshalifanya lote, mchoro na mstari mwekundu vikiwemo.

Juu ya paa la ploti kuna tangi la lita 10,000 ambalo halijajazwa muda mrefu. Wapangaji wameambiwa kupandisha maji kwa pampu kunakula stima nyingi. Yeye akauliza: nyingi kiasi gani? Lita 10,000 ni uzito wa nyutoni 100,000. Kimo cha tangi, mita 24: alihesabu vidato hadi juu, akaongeza kimo cha jukwaa. Kazi ni juli 2,400,000. Gawanya kwa 3,600,000, ni theluthi mbili ya yuniti. Kisha akaandika, bila mtu kumwambia, kwamba hakuna pampu isiyopoteza. Akachukulia nusu ya nishati inapotea, ikawa yuniti moja na theluthi moja kwa tangi zima. *Inawezekana?* Tangi ni mitungi 500, na yuniti moja alishajua kazi yake. Inawezekana.

Tuliipitia mara mbili pamoja. Niliongeza jambo moja tu, kwamba mabomba nayo yana msuguano, kwa hiyo aweke yuniti mbili ili asibishwe. Ameinakili kwenye karatasi safi akampelekea keateka, msimamizi wa ploti, akamwamkia vizuri, akamwachia. Keateka alimwambia tatizo jingine ni kwamba maji yenyewe huja kwa mgao na presha haitoshi kujaza hata tangi la chini. Hilo nalo ni swali, na ameshaanza kuuliza tangi la chini linajaa kwa saa ngapi.

Likizo hii tunaanza lenzi na vioo. Nahitaji lenzi mbonyeo mbili, hata za miwani ya kusomea iliyovunjika. Aliye nazo aache dukani kwa mama wa chini, pamoja na daftari.